Mwacheni Kijana Afuge Nywele Zake

Msyuuu! Jamani, wazee wenzangu, hivi kila anayepita hapa kijiweni ni lazima tumpime kuanzia utosini?

Jana jioni kapita kijana wa nyumba ya kona, yule aliyetoka jeshini, JKT, miezi mitano iliyopita na kipara kinachong'aa. Sasa nywele zimerudi, anazifuga. Katuamkia kwa adabu, "Shikamooni wazee," tukaitikia. Hajafika hata kwa mama ntilie, mtu kasonya. "Mtoto wa mwenzetu kashaanza bangi huyo!" Mwingine akadakia: "Au hana hela ya kinyozi?" Kijana kasikia. Nilimwona mkono ukimpanda kisogoni, akajipapasa pale nywele zilipojifunga vifundo, kisha akachomoa kofia mfukoni akavaa. Kofia ya sufu, na joto lote hili la Magomeni! Iliniuma sana.

Iliniuma kwa sababu msonyo ule naujua. Na mimi nilifuga nilipomaliza shule, nikafika mwezi wa sita. Siku ya msiba kwetu, mjomba akaniambia mbele za watu kwamba nikatengeneze kichwa kwanza ndipo nije nibebe jeneza. Kesho yake nikanyoa. Leo utosi umeota upara wa umri, sina tena cha kufuga, na miezi ile sita niliyoitupa bado naijutia.

Hebu tuseme ukweli. Nywele huota kama sentimita moja tu kwa mwezi, wakati mwingine haifiki. Na hizi zetu za kipilipili hunywea: uvute unywele wa miezi mitano, utaona umekaribia urefu wa kidole, uachie, unarudi kichwani kama haujaota kitu. Kijana anangoja, watu hawaoni anachongoja. Halafu yeye alipotoka jeshini alipitia kwanza kwenye panki, pembeni fupi na juu kumeachwa. Zote zinaota kwa mwendo mmoja, kwa hiyo pembeni zinafumuka juu ya masikio na kichwa kinapanuka kama uyoga. Huo si uchafu, ni hatua. Hakuna afro wala rasta iliyoruka hatua hiyo.

Nao ukavu anaosemwa nao, eti haogi! Mafuta ya kichwani yanashindwa kushuka hadi nchani kwa sababu unywele umejisokota. Anahitaji maji, mafuta ya nazi kidogo, na chanuo lipite nywele zikiwa bado mbichi, kuanzia nchani kurudi chini. Ukichana zikiwa kavu unazikata mwenyewe. Matusi hayamlainishii mtu nywele.

Kuna mzee hapa kasema mwanamume kufuga nywele si jadi yetu. Aka! Jadi ya nani? Morani wa Kimaasai anafuga, anasuka, anapaka udongo mwekundu, na siku ya Eunoto, sherehe yao ya kupanda daraja, mama yake ndiye anayemnyoa. Dedan Kimathi, yule mpigania uhuru wa Kenya, alipokamatwa mwaka 1956 nywele zilikuwa zimemsokota kichwani, na sanamu yake iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 imesimama na nywele zake vilevile. Nani atamsonya Kimathi?

Mimi naona tatizo liko kwenye macho yetu. Mtoto wa kiume tangu darasa la kwanza ananyolewa, akifika sekondari ananyolewa, akienda JKT ndiyo kabisa. Miaka yote hiyo hatujawahi kukiona kichwa chake kikiwa na nywele zake mwenyewe. Siku zikiota tunashtuka kama tumeona moto.

Basi leo nimemwita. Nimemwambia, mwanangu, kwa kinyozi nenda, usiogope. Kila baada ya wiki tatu hivi mwambie achonge mstari wa mbele, apunguze masikioni na kisogoni, juu asiguse. Mashine ikisogea utosini, shika mkono wake. Na dawa za kulainisha usijaribu, utaunguza ngozi bure. Akaniuliza, "Baba, mpaka lini?" Nikamjibu ahesabu mwaka mzima, na kwamba hii miwili mitatu ijayo ndiyo miezi migumu kuliko yote, kwani ndipo wengi hurudi kwenye kiti cha kinyozi.

Nikamwambia avue hiyo kofia, nywele zipate hewa. Akasita, akatazama benchi lote, kisha akavua. Nikasogea, akakaa. Muuza kahawa akamjazia kikombe, akampa na kashata. Aliyesonya jana alikuwepo, ameinamia bao lake, kete mkononi. Hakusonya.