Namna ya Kushindwa kwa Heshima Kumchunga Mwana Chuoni

Mzazi mwenzangu, mwanao kapata chuo. Hongera sana. Sasa sogea karibu tuongee wawili. Ukitaka kumchunga kama ulivyomchunga sekondari, utashindwa. Kule hakuna mwalimu wa zamu, hakuna kengele ya prepu, na siku ya wazazi haipo. Kwa kuwa kushindwa utashindwa tu, shindwa vizuri. Muhula huu wa kwanza tunatafuta kitu kimoja: jambo likiharibika, akupigie wewe kwanza, tena mapema. Njia za mkato za kufika hapo ni hizi.

1. Jigambe sasa, umalize
Najua una hamu. Watangazie kwenye kikoba, kanisani, msikitini, kwenye grupu la ukoo. Jigambe wiki nzima, kisha funga duka. Mtoto akishagundua kwamba heshima yako mtaani imesimama juu ya matokeo yake, atakuletea habari njema tu, mbaya atazificha. Wakikuuliza "anaendeleaje?", jibu la mwaka mzima ni neno moja: "Anapambana." Hakuna matokeo yatakayokuumbua.

2. Mfungashie vitu vya kugawa
Ndoo, beseni na pasi atanunua hukohuko. Wewe tia kwenye begi korosho, kashata na karanga za kukaanga, za kutosha watu wanne. Hosteli hujaa, na wengine huishia kulala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja. Anayefungua mfuko wa kashata usiku wa kwanza hupata marafiki kabla hajajua bafu liko wapi. Usiudharau upweke wa wiki za mwanzo; unaweza kumwangusha hata aliyetoka kidato cha sita na divisheni wani.

3. Jifanye benki
Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, Bodi ya Mikopo humhesabia mnufaika shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku. Lakini bumu, yaani hela hiyo ya mkopo, haliji kila siku. Huja kwa mkupuo wa siku nyingi. Kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake anaamka na laki kadhaa. Mwombe akutumie nusu, nawe umrudishie kidogo kidogo kila Jumatatu. Atadhani anakupa kazi ya kujisikia mzazi. Mwache adhani. Akikubali, hela hiyo usiiguse hata kama marejesho ya kikoba ni kesho. Akikataa, usigombane, mfundishe kuigawa mwenyewe kwa wiki.

Na kabla ya bumu kuingia, kumbuka haya: halilipwi mpaka awe amesajiliwa chuoni, na majina ya waliopata hutoka kwa awamu. Jina lisipoonekana awamu ya kwanza, aangalie akaunti yake ya SIPA kwenye mfumo wa Bodi, asisikilize uvumi wa kwenye korido. Wewe weka pembeni hela ya chakula cha wiki za mwanzo. Shindwa mengine yote, hilo usishindwe.

4. Uliza alichokula
"Masomo vipi?" hujibiwa "poa", na hapo mazungumzo yamekwisha. Uliza: "Leo mchana umekula nini?" Akisema wali maharage, mambo shwari. Akisema chipsi kuku kwa sauti ya juu, bumu limeingia. Akisema saa tatu usiku kwamba amekunywa chai na atakula baadaye, basi mfuko umekauka, au moyo. Tuma kidogo bila mahubiri, na kesho piga tena.

5. Jifunze hesabu ya chuo kimyakimya
Kidato cha sita, pointi tatu ni ushindi wa kupigiwa vigelegele. Chuoni hesabu imegeuka: GPA hupanda mpaka 5.0, daraja la kwanza linaanzia 4.4, na chini ya 2.0 ni hatari. Usimpongeze wala kumgombeza kwa namba usiyoielewa. Tena, vyuo vingi havisubiri mtihani wa mwisho: tesiti na kazi za muhula hubeba kama alama 40 kati ya 100. Kwa hiyo swali lenye faida huulizwa wiki ya sita au ya saba: "Tesiti ya kwanza ilikuwaje?" Akisema mbaya, mkumbushe kwamba 60 bado ziko mbele, na kwamba kikundi cha diskasheni humsaidia mtu kuliko kujifungia chumbani na madesa.

6. Sikia neno "sapu" bila kushtuka
Fanya mazoezi mbele ya kioo mpaka uso utulie. Sapu ni kurudia mtihani wa somo alilofeli. Akifaulu, anaendelea na safari pamoja na wenzake. Kudisko ndiko kuondolewa chuoni. Kati ya hayo mawili ipo milango mingi: mwalimu wa somo, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, kuahirisha masomo kwa ugonjwa, na mwanzoni kabisa mwa mwaka, kuhama kozi. Kila mlango una tarehe yake ya kufungwa. Wapo vijana wenye akili timamu waliopitwa na tarehe zote kwa sababu moja: waliogopa nyumbani watasemaje. Mwanao asiwe mmoja wao. Mwambie mapema, kabla hajafeli chochote, kwamba sapu haimfukuzi mtu nyumbani kwako.

7. Shindwa mabishano ya likizo
Atarudi na nywele mpya na maoni mapya: kuhusu katiba, kuhusu mahari, kuhusu mafuta unayotia kwenye mboga. Hoja za kummaliza unazo, najua. Zimeze. Mwulize "kwa nini?" kisha umsikilize mpaka mwisho, na mbele ya wadogo zake sema, "Hapo umenishinda." Kijana aliyesikilizwa kwenye habari za katiba hapati shida kukwambia habari za tesiti.

8. Pokea simu
Siku moja itaita saa ambayo huwa hapigi. Usianze na "nilikwambia". Usiyataje mahindi uliyouza kumlipia ada, wala mtoto wa jirani anayesomea udaktari. Mwache aseme yote, alie kama kuna kulia. Kisha muulize swali moja tu: "Tarehe ya mwisho ni lini?" Akiitaja, chukua kalamu muiandike, mkae kupanga kuanzia hapo. Kumchunga ulishashindwa tangu Oktoba. Sasa ndiyo unamsaidia.