Sifa za Kioo Kilicholegea

Katika vitu vinavyolaumiwa na wenye magari wa Kibaha na Kisarawe, hakuna kilichoonewa kuliko kioo cha mlango kilicholegea, yaani kile ambacho mafundi husema kinacheza: hugongagonga gari linapovuka matuta, hupanda upande mmoja kikauacha mwingine nyuma, na siku ya masika hushuka chenyewe bila kuombwa. Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 2, alitunga sifa za nzi. Angalikuwa mkazi wa Maili Moja, nzi angalisubiri zamu yake.

Kioo hiki kina nasaba. Magari mengi ya Mkoa wa Pwani yameletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na serikali hutoza ushuru wa uchakavu kwa gari lililovuka umri uliowekwa. Kwa hiyo mlango unaolialia ni stakabadhi ya kodi iliyolipwa, na anayeuonea haya anauonea haya uraia wake mwema. Malezi yake hukamilishwa na mtikisiko wa Barabara ya Morogoro kwa upande wa Kibaha, na kwa upande wa Kisarawe na vumbi la barabara za udongo ziendazo vijijini, ambalo hujikusanya katika mifereji ya mpira inayokiongoza kioo na kuusaga mpira huo taratibu.

Lakini fadhila yake kubwa ni kuipatanisha nyumba. Kioo kizima hupandishwa na mtu mmoja kwa kidole kimoja, naye hana haja ya kumwita yeyote. Kilicholegea hutaka mmoja asimame nje akikibana kwa viganja viwili na kukivuta juu, na mwenzake akae ndani akibonyeza swichi, tena kwa wakati uleule, jambo ambalo wanandoa walionuniana tangu asubuhi hawaliwezi bila kwanza kusemezana.

Kava la mlango likishabanduliwa uani, elimu huanza. Nyuma yake ipo karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba maji ya mvua hayakukatazwa kamwe kuingia mlangoni: hupenya kando ya kioo, karatasi ikayazuia yasifike kitini, yakatokea kwenye vitundu vya chini. Ndani zaidi ipo mashine ya kioo, ambayo ama ni mikono ya chuma inayopishana kama mkasi, ama ni waya unaovutwa na mota. Na kosa lenyewe mara nyingi ni dogo hadi linaudhi, kwa kuwa ni bolti iliyolegea, au kigurudumu cha plastiki kilicholika, au gundi iliyoachia pale kioo kinaposhikana na reli yake ya chini. Bolti hukazwa, gundi hurudiwa baada ya kukisafisha kioo kwa spiriti na kukishikiza juu kwa solatepu mpaka ikauke kabisa. Wapo wanaochomeka kabari ya kipande cha kandambili, na ingawa wakubwa wa gereji huwacheka, kabari hiyo imevusha masika mengi. Kinachostahili kuchekwa ni grisi, ambayo hukamata vumbi na kuharakisha ulaji ule ule iliyopakwa kuuzuia. Silikoni ya kupuliza hufaa zaidi. Upole nao hufunzwa kwa lazima, maana kioo cha mlango hutengenezwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, na spana ikikigonga ukingoni hakifanyi ufa bali husambaratika chote kuwa punje.

Wapinzani hudai kwamba kioo cha namna hii humrahisishia mwizi, kwa sababu hushushwa kwa kusukumwa tu. Hoja hiyo ina uzito, ila haikumfikiria mwizi mwenyewe, ambaye huja peke yake: atakishusha kwa urahisi, ataketi, na wingu likifunguka kabla hajafika Mlandizi atakosa mtu wa kusimama nje na kukivuta juu.