Kifuniko cha Rejeta na Shemeji wa Dunga

Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, lakini hati ile haikuja na ziwa. Mto Sosiani upo, unapita mjini kabisa, ila boti likitiwa humo litakwama kabla injini haijawashwa. Kwa hiyo mkaazi wa Eldoret anayemwachia fundi wa injini za boti gari lake, ama ameishiwa na mafundi, ama ametembelewa na shemeji. Mwalimu mmoja wa fizikia, wa upande wa Kapsoya, yalimkuta yote mawili.

Gari lake dogo, lililoshushwa Mombasa baada ya kumaliza utumishi wake Japani, lilikuwa na ugonjwa wa kuchemka. Lingechemka mlima wa Timboroa peke yake, hakuna ambaye angeuliza. Kando ya ile barabara ya Nakuru, malori yaliyofunguliwa boneti si kitu kigeni: mawe yamekinga magurudumu, matawi yamelazwa lamini kuwaonya wanaokuja, na utingo anateremka bondeni na mtungi kutafuta maji. Lakini hili lilichemka hata mjini, kwenye foleni ya Uganda Road, mwezi wa Julai, mvua imetoka tu kunyesha na watu wamevaa jaketi juu ya sweta.

Eldoret, boneti ikifunguliwa hadharani, mkutano umeitishwa. Mwendesha bodaboda alisema ni pampu ya maji. Muuza mahindi ya kuchoma alisema ni gasketi ya hedi, akatikisa kichwa kabisa. Mzee aliyekuwa akipita na mtungi wa maziwa akasema hapana, ni petroli za siku hizi. Hakuna aliyetaja kifuniko cha rejeta. Kifuniko ni kitu kidogo, cha bei ndogo, na fundi hajengi jina kwa kubadilisha vifuniko.

Fundi wa kwanza, wa jua kali, alifungua hapa na pale, akatoa themostati na kuitupa kwenye lundo la themostati nyingine.

“Hii iliwekwa juu ya baridi ya Ulaya, mwalimu. Sisi huku hatuihitaji.”

Alisema hivyo akipuliza viganja vyake, kwa maana ilikuwa saa moja asubuhi na mvuke ulikuwa unamtoka kinywani. Themostati ni mlango mdogo unaobaki umefungwa mpaka maji yafike nyuzi 80 na kitu, ili injini ipate upesi joto lake la kazi. Ukiondolewa, maji huzunguka tangu mwanzo, injini hukawia kupata moto na hunywa petroli zaidi. Gari la mwalimu sasa likawa na maradhi mawili: asubuhi lilitetemeka kwa baridi, adhuhuri likachemka vilevile.

Chanzo cha kuchemka huko ni kile kile kilichoipa Eldoret jina duniani. Mji uko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Iten, wanakokwenda kufanya mazoezi wanariadha wa mataifa mengi, iko juu zaidi, karibu mita 2,400. Hewa ni nyepesi. Pafu la mwanariadha hujifunza kuishi na kidogo linachopata, kisha likaenda kushinda mbio Boston na London. Rejeta haijifunzi chochote. Hewa inayopita kwenye mapezi yake ina uzito wa kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa, hivyo huchukua joto pungufu. Na maji yenyewe, ambayo Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100, Eldoret huchemka kwenye 93, na Timboroa kwenye 91 hivi. Ndiyo sababu githeri ya Eldoret hukaa jikoni mpaka wageni waanze kutazama saa.

Hapa hesabu inaanza kuuma. Feni ya umeme ya gari kama hilo huwaka maji yakikaribia nyuzi 95. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 huyabana maji kwa bar 0.9 zaidi ya presha ya hewa iliyopo, na yakibanwa hivyo, Eldoret hayachemki mpaka karibu nyuzi 115. Kifuniko kikivuja, yanachemka kwenye 93 na feni bado inasubiri zamu yake. Mombasa, gari hilo hilo na kifuniko hicho hicho vingesalimika kwa nyuzi tano. Mwalimu alikuwa akifundisha jambo hili darasani, tena kwa mchoro.

Waliotangulia waliteseka zaidi. Mwaka 1888, Bertha Benz alipolichukua gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilomita 100 na ushei, maji ya kupoza injini yalikuwa yakichemka na kupotea hewani, ikabidi asimame njiani mara kwa mara kutafuta mengine. Angefaa sana Timboroa. Rejeta ya vijitundu vingi aliyoibuni Wilhelm Maybach kwa ajili ya Mercedes ya mwaka 1901 ilipunguza kiu hiyo. Na pale pale Timboroa, reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 hupita kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700; kwa miaka mingi chombo pekee kilichochemka mlimani hapo bila kulaumiwa kilikuwa garimoshi.

Basi shemeji akaja. Ni kaka wa mkewe mwalimu, fundi wa injini za boti ufukoni Dunga, Kisumu, na alikuwa amekuja kuwaona wapwa zake tu. Lakini fundi hawezi kunywa chai kwa utulivu huku gari linafuka uani.

Kazini kwake hakuna rejeta. Ziwa zima ndilo rejeta. Kigurudumu cha mpira ndani ya pampu huvuta maji chini, yanapanda, yanapoza injini, yanarudi ziwani, na uzi mwembamba wa maji unaoruka nje humwambia mwenye boti kuwa mambo ni mazuri. Shemeji huuita mkojo. Mkojo ukikatika, ama mpira umeliwa na mchanga, ama gugumaji limeziba mdomo wa kuvutia maji, na Ghuba ya Winam haikosi gugumaji.

Boti za kasi, alieleza akiwa ameegemea boneti, zina shida ya namna nyingine: maji huja kwa nguvu mno. Tundu la kuchotea likitazama mbele, kasi ikiongezeka mara mbili presha huongezeka mara nne. Na hapo, haki isemwe, hakukosea hata kidogo. Kwenye kilomita 50 kwa saa maji husukumwa ndani kwa karibu bar moja. Kwenye 100, kwa karibu bar nne, ambayo ni zaidi ya mara nne ya kile kinachovumiliwa na kifuniko cha gari. Pasipo vali ya kumwaga ziada, gasketi hupasuka, maji huingia kwenye oili, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kutokana na ukweli huo akakata shauri lisilohusiana nao.

“Shem, hii gari iko na presha nyingi. Tuipunguzie.”

Akaliwasha, akalikanyagia mafuta kwa muda mrefu huku akichungulia nyuma kutafuta mkojo. Akaona matone ya ekzosi, hayakumpendeza. Akarudi mbele na kitambaa mkononi. Mwalimu alifika kwenye neno “Shem, ngo—” kifuniko kikawa kimeshaondoka. Hata kifuniko kinachovuja hubana kiasi, na maji ya moto yakiachiliwa ghafla hugeuka mvuke papo hapo. Ndiyo maana rejeta huachwa ipoe kwanza. Maji yalipanda hadi usawa wa paa. Kifuniko kilitua kwenye bati la kibanda cha jirani, kikabingirika, kikaangukia karai la sukuma wiki. Shemeji, ambaye maisha yake yote amezoea maji ya kupoza injini yaliyo baridi kama ziwa lenyewe, alipona na wekundu kidogo mkononi na shati lenye kutu.

Mama wa sukuma wiki ndiye aliyekiokota, na ndiye aliyeugundua ugonjwa.

“Mwalimu, hii si ile karatasi ya nailoni ilikatazwa?”

Ilikuwa yenyewe. Mahali pa mpira wa kuzibia, mtu fulani, mwenye gari wa zamani au fundi wake, alikuwa ameviringisha kipande cha mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Mwalimu wa watoto wa watu alikuwa akiwasalimia polisi kwenye vizuizi huku mhalifu yuko chini ya boneti.

Kikanunuliwa kifuniko kipya, themostati ikarudishwa, na badala ya maji matupu ikamiminwa kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu. Gari lilipanda Timboroa bila hata kutoa jasho. Wakati wa kurudi, Burnt Forest, mpira wa juu wa rejeta, uliokuwa umezoea kuishi bila presha, ukakutana na presha halisi na kupasuka.

Mwalimu akampigia shemeji.

“Si nilisema!” shemeji alifurahi. “Weka vali ya kumwaga ziada, kama ya boti.”

Mwalimu akamweleza, kwa subira ya darasani, kwamba kifuniko chenyewe ndicho vali hiyo: springi yake hujifungua ikifika 0.9 na ziada huenda kwenye tangi la pembeni. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mkojo unatoka. Safari hii ulikuwa unatoka, tena mnene, ukielekea mtaroni.

Muuza vipuri alimpimia mpira mpya, akaufunga kwenye gazeti.

“Na ule wa chini?”

“Haujapasuka,” alisema mwalimu.

“Bado,” alisema muuza vipuri, akakata gazeti lingine.