Gharama Hazipungui, Zinahama

Mtu akikuambia anafufua Land Rover kuukuu nyumbani kwake kwa bajeti ndogo, usimuulize ametumia shilingi ngapi. Muulize mkewe kabakiwa na masufuria mangapi. Nimeishi na gari la namna hiyo uani kwangu hapa Morogoro, na jambo moja sasa nalisema bila kupepesa macho: gharama za gari bovu hazipungui, zinahama. Usipozilipa wewe dukani, atazilipa mwingine jikoni, barabarani, au kitandani usiku wa manane akisubiri nyundo inyamaze.

Gari lenyewe ni Series III refu, lile la inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, injini ya petroli. Lilitumikia shirika fulani mpaka shirika likafa, kisha likawa banda la kuku. Muuzaji alilipiga konzi ubavuni, akasema, "Mzee, hii bodi haijui kutu." Alisema kweli tupu. Land Rover zilipoanza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, lakini aluminiamu ilikuwepo ya kutosha. Basi wakazivika bodi ya aluminiamu, chasisi wakaiacha ya chuma. Habari za chasisi muuzaji hakuulizwa, naye ni mtu asiyependa kusema asiyoulizwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Fundi alipokuja alijilaza chini ya gari, akachomeka bisibisi kwenye chasisi. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akasogea mbele kidogo, akachomeka tena, ikazama tena. Akatoka, akajikung'uta vumbi, akanipa pole kabla ya kunipa bei.

"Bosi," akasema, "juu una bodi, mbele una injini. Hapa katikati kuna imani tu."

Usiku huo niliandika bajeti nyuma ya daftari la hisabati la mwanangu, maana ndilo lililokuwa karibu. Kuchomelea chasisi, viatu vya breki, tairi za mtumba, rangi, na mengineyo. Daftari lilikwenda shule, likarudi na wino mwekundu chini ya hesabu zangu: "Jumla si sahihi. Rudia." Mwalimu yule hajawahi kuliona gari lenyewe, lakini alijua.

Kazi ilianza kwa kugombana na nati. Spana zangu zote ni za milimita, zimezoea magari ya Kijapani. Nati za mzee huyu nyingi ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia vizuri, inakupa matumaini, ukiongeza nguvu inateleza na kuiacha nati imekuwa duara. Nati ya 9/16 ni milimita 14.3 hivi: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza. Seti kamili ya spana za inchi ilikuwepo mtaani, kwa mzee wa nyumba ya tatu aliyestaafu ufundi wa reli. Aliniazima kwa sharti moja, kwamba spana zake haziendi mahali bila yeye. Kwa hiyo kila nilipoazima spana niliazima na mzee. Na mzee haanzi kazi kabla ya chai, na chai haishuki bila chapati. Chapati hazikuwemo kwenye bajeti.

Lakini walioumia zaidi ni vyombo vya jikoni. Sufuria la pilau la Idi lilikingia oili chafu ya injini, kwa kuwa lina mdomo mpana. Chujio la chai lilichuja petroli. Mswaki mpya uliowekwa kwa ajili ya wageni ulisugua kabureta. Karai la kufulia lilijaa dizeli, na ndani yake bolti zililala siku baada ya siku zikilainishwa kutu. Mke wangu alinyamaza, na kunyamaza kwake si dalili njema. Jioni moja akaniita mezani. Sahani ipo, kijiko kipo, maji ya kunawa yapo. Nikafunua hotipoti, nikakuta kabureta.

"Nimeona vyombo vyangu vimehamia gereji," akasema, "nikadhani na wewe siku hizi unakula huko."

Kilichotutangaza mtaani ni breki. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani akikanyaga pedeli. Mwingine yuko chini, anafungua nati ndogo hewa itoke, anaifunga kabla pedeli haijaachiwa. Unaanza na gurudumu lililo mbali kabisa na masta silinda, unamalizia na la karibu. Anayekanyaga akiwahi kuachia, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Fundi wa kunisaidia angetaka posho, mke wangu yupo bure. Akapanda juu, mimi nikawa chini nikipaza sauti: "Kanyaga! Shikilia! Usiachie! Nimesema usiachie! Haya, achia!"

Uzio wetu ni wa michongoma. Asubuhi yake shangazi wa mke wangu alipiga simu kutoka Kilosa kuuliza kama nyumbani kuna amani. Jioni wakaja wazee wawili wa msikitini, wakakaa, wakakohoa, wakaanza kwa mbali na habari za subira. Niliwaeleza kwamba ni breki. Wakatazamana. Mkubwa wao akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole, "Sawa, mwanangu. Lakini hata kama ni breki, uwe unamwambia taratibu."

Umeme nao ulikuwa na uhuru wake. Ukikanyaga breki, zinawaka indiketa. Ukiwasha indiketa, taa kubwa zinafifia. Kijana wa umeme wa magari alinieleza kwamba umeme wa gari hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi na chasisi. Kutu au rangi ikiziba pale waya unapofungwa, umeme hutafuta njia nyingine, hata kama ni kwenye taa isiyohusika. Kwa ufupi, ukizibiwa njia yake unapita kwa jirani. Nilimwelewa haraka, kwa kuwa ndivyo bajeti yangu ilivyokuwa ikipita.

Stata ilipokufa, sikununua nyingine. Vijana wa bodaboda wa kona yetu wakawa ndio stata. Walipokuwa na abiria, tulipiga hendeli, mzee wa reli akisimamia: kidole gumba kilale upande mmoja na vidole vingine, usiikumbatie hendeli, maana injini ikirusha kinyume inaondoka na gumba. Tulipoishiwa pumzi tulirudi kusubiri bodaboda washushe abiria. Malipo yao yalikuwa soda, na shukrani ndefu.

Hatimaye gari likakaa sawa. Likapanda milima ya Uluguru mpaka Mgeta, likarudi bila kuvutwa na kamba, likinywa petroli lita moja kwa kilomita sita hivi, na mteremko nao ukisaidia. Nikaegesha uani, nikazima injini, nikadhani sasa nina gari. Kumbe nina kampuni, na wenye hisa walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Mzee wa spana ana mbolea ya kupeleka shamba. Vijana wa bodaboda wana mechi, na timu nzima na kipa wa akiba lazima ifike. Wazee wa msikitini waliuliza, kwa upole uleule, kama gari linaweza kubeba turubai na viti pakitokea msiba. Kila nilipotaka kukataa nilikumbuka deni.

Mwenye hisa nyingi kuliko wote ni mke wangu: sufuria la pilau, karai, chujio, na mguu wake wa kulia. Yeye ndiye mwenyekiti. Ratiba ya gari ameiandika kwa mkono wake, ameibandika mlangoni jikoni, na hakuna anayeigusa. Jumatatu na Jumanne ni za mzee. Ijumaa ni ya msikiti. Jumamosi ni ya soko. Jumapili ni ya mpira. Mimi nimepewa Alhamisi mchana, na petroli nijaze mwenyewe.