Hongera, Nguruwe Wanakula Vizuri

Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Shule ya Msingi (jina ninalihifadhi, aibu tutagawana),
Chini ya Mlima Meru,
Arusha.

YAH: PONGEZI KWA KUFUNDISHA LISHE BORA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwa niaba ya wazazi ambao hawajanituma, nawapongeza. Mwanangu wa darasa la pili anavitaja vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili bila kupumua. Mnafu kwenye daftari anaupatia vema. Mnafu kwenye sahani anausukuma pembeni.

Nimeipenda pia chati ya matunda mliyoibandika darasani: tufaha jekundu, zabibu, stroberi. Nje ya dirisha hilohilo kuna mparachichi uliozaa mpaka matawi yameinama, ila kwa kuwa parachichi halimo kwenye chati, mtoto hana sababu ya kulishughulikia. Ndizi mshare nayo haimo. Loshoro, ambayo mabibi wa Kiarusha wamelelea wajukuu kwa mahindi na maziwa ya mgando, sijui hata ingechorwaje.

Pale Tengeru, nauli ya daladala tu, World Vegetable Center wana ofisi ya kanda tangu mwaka 1992. Wanatunza mbegu za mnafu, mgagani, mchicha na ngogwe kutoka nchi nyingi za Afrika. Watafiti wanapanda ndege kuja kuziona. Sisi ziara ya masomo mliwapeleka watoto kiwanda cha soda. Uamuzi wa busara, maana mboga hazigawi kofia.

Lakini kazi yenu kubwa iko jikoni. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, chakula cha mchana kimebaki mzigo wa wazazi, nasi mahindi tunayachanga debe kwa debe. Yanafika mashineni yakiwa mazima, na ganda lake na kiini chake. Mnalipa hela ya kukoboa, kisha mnalipa hela ya kusaga. Kukoboa kunaondoa pumba na kiini, na humo ndimo kwenye sehemu kubwa ya vitamini B, chuma, zinki, mafuta na nyuzinyuzi. Watoto wanabaki na unga mweupe kama chaki. Pumba anachukua jirani mwenye nguruwe, kwa bei ya kirafiki. Nimepita kuwaona: ngozi zinang'aa, hawana kikohozi, na hakuna hata mmoja anayesinzia saa nane mchana. Kwa kifupi, tunachangishana ili chakula cha kulinda mwili kikamlinde nguruwe.

Kwenye kikao nilipendekeza dona, yaani tusage bila kukoboa. Mjumbe mmoja akasimama, akasema dona ni chakula cha jela na kwamba wazazi wa shule ya jirani watatucheka. Akapigiwa makofi, ajenda ikafungwa, tukaletewa soda.

Angesema sumukuvu, ningekaa chini nimsikilize. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi yenye ukungu ukiyasaga dona, hatari yake inazidi ya sembe, kwa kuwa hakuna kilichoondolewa. Ila kinga yake si siri: yakaushwe sawasawa, yahifadhiwe pakavu, mpishi ayachambue na kutupa yaliyooza, na yasagwe kidogo kidogo kwa kuwa mafuta ya kiini huifanya dona ichache upesi. Watoto wangeweza kusogezwa kwenye turubai mahindi yanapochambuliwa, waoneshwe punje nzima, ganda lake, kiini chake, na ile inayostahili kutupwa. Bahati mbaya hilo lingekuwa somo, na ratiba haina nafasi. Kipindi hicho wanakariri makundi ya chakula.

Mwongozo wa Taifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, wa mwaka 2020, nasikia mnao. Uko kabatini, kwa kufuli, salama kabisa dhidi ya wasomaji.

Na getini mmeacha soko huria: krispi, barafu za rangi, ubuyu unaoacha ulimi mwekundu mpaka jioni. Ubuyu, tuutendee haki, ni tunda jema sana hadi pale unapokutana na kilo ya sukari na rangi ya dukani.

Ombi langu ni dogo. Siku ya mahafali, zawadi ya lishe bora itolewe kwa anayestahili: jirani aalikwe na nguruwe wake mmoja, apewe cheti, na watoto wamwimbie ule wimbo wa makundi ya chakula. Mkiona nguruwe ataharibu zulia la mgeni rasmi, basi lile gunia linalokuja mwezi huu lisikobolewe. Hela ya kukoboa itakayobaki inunue mnafu wa Tengeru, na chati ibandikwe upande wa pili, watoto wachore wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, Darasa la Pili.

Nakala:
Afisa Mifugo wa Kata – kwa taarifa.
Jirani mwenye nguruwe – ajiandae kisaikolojia.