Jinsi ya kubeba kabini kwenye matatu ya Kisauni

Tafuta mpini wa ufagio, uukate sentimita 68. Huo ndio urefu wa MP5 yenye kitako kisichokunjwa, bunduki ya milimita 9 ya vikosi vya usalama, ambayo raia hapewi leseni yake. Ufunge kwa leso kuukuu, uutie begani, kisha uzunguke nao kutwa nzima kana kwamba ndiyo silaha yako ya kujilinda. Magharibi ikiingia utakuwa umejua kama kabini, bunduki ya begani inayokula risasi za bastola kama hiyo MP5, yaweza kushika nafasi ya bastola.

Panda matatu Mtopanga, Mombasa. Ukipewa kiti cha nyuma, mpini utamchoma ubavu mama mwenye ndoo ya samaki, na konda atakuuliza mwiko huo wa pilau unaupeleka harusi ya nani. Shuka Kongowea, upenye katikati ya mikokoteni. Kisha nenda kivuko cha Likoni asubuhi, watu bega kwa bega, mikoba ikikaguliwa. Hapo kila jicho litakuwa kwako. Bastola aina ya Ceska ina sentimita 20 hivi. Hukaa kiunoni chini ya shati, na jirani yako hajui.

Kabini nayo ina haki yake. Unaishika kwa mikono miwili na kuiegemeza begani, kwa hiyo hofu ikikutetemesha, mtutu hauyumbi kama wa bastola. Mtutu mrefu huipa baruti muda zaidi wa kuisukuma risasi, ikatoka kwa kasi kubwa kidogo. Kwa kulenga shabaha, kabini inaishinda bastola waziwazi.

Lakini hapa tunalenga wapi? Simama na mpini wako ukumbini mwa nyumba ya Kiswahili pale Mtongwe: vyumba vya wapangaji kushoto na kulia, kuta za fito na udongo, mahali pengine mabati matupu. Risasi ya milimita 9 hupita bati kama sindano kwenye leso, na nyuma ya bati kuna mtoto wa watu amelala. Na kijana wa panga unayemhofia atakukuta uchochoroni, hatua tatu kutoka ulipo, wakati kabini iko nyumbani.

Hilo la kubaki nyumbani ndilo linaloniumiza zaidi. Silaha usiyoweza kutembea nayo hushinda uvunguni, na mwizi hujua njia ya uvunguni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakaondoka na bunduki zaidi ya 40. Vurugu zilizofuata ziliua watu zaidi ya 100, na maelfu wakahama makwao. Ikiwa kituo chenye askari kiliporwa, chumba chako chenye kufuli moja ni kitu gani?

Kwa hiyo kabini haifai kuwa badala ya bastola Likoni, Kisauni wala Changamwe. Mwenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na abaki na silaha iliyotajwa kwenye cheti chake, aifungie kwenye kasha la chuma kila inapotoka kiunoni. Asiye na leseni, tafadhali, asiitafute.