Mjomba na 5G ya Chumba cha Uani

Ruta ilipofika nyumbani kwake Tanga, Mjomba, mwalimu mstaafu, alitaka kwanza kujua Wi-Fi kirefu chake nini. Akajibiwa kwamba jina hilo halina kirefu: kampuni ya Interbrand ililibuni tu mwaka 1999, kwa sababu jina la kitaalamu, IEEE 802.11, lisingeuzika. Mjomba akaguna. Jina lisilo na kirefu hakuliamini, kwa hiyo ruta akaifungia ndani ya kabati la chuma na kulitia kufuli.

Wezi hawakuipata. Simu nazo hazikuipata, maana mawimbi ya redio yakigonga bati la chuma hurudi yalikotoka.

Binti yake akaihamishia sebuleni. Sasa simu ikaonyesha majina mawili, yote ya ruta ileile, ila moja lilikuwa na "5G" mkiani. Nani atake la kawaida na kizazi cha tano kipo? Mjomba akajiunga, akaenda kujilaza chumba cha uani. Mtandao ukakata.

5G ile wala haihusiani na minara ya simu. Ni gigahezi 5. Mawimbi yake hubeba data kwa kasi, lakini ukuta wa tofali huyachosha mapema. Yale ya gigahezi 2.4 huibeba taratibu, ila hufika mbali. Mjomba akarudi kwenye 2.4, na nyumba ikatulia mpaka Jumamosi ya mechi ya Simba na Yanga, iliyotazamwa kwa mtandao huohuo.

Mshambuliaji anavuta mguu apige, picha ikaganda.

"Mama, umezima mechi!" Mjomba akafoka kuelekea jikoni.

"Mimi napasha pilau."

Wote wawili walisema kweli. Maikrowevu hutumia mawimbi ya gigahezi 2.45, jirani wa ukuta kwa ukuta na Wi-Fi. Yanayovuja mlangoni ni machache, hayamdhuru mtu, ila yanatosha kuipigia ruta kelele.

Wiki iliyofuata vijiti vya mtandao vilijaa, na hakuna kilichofunguka. Mjomba akaizima ruta, akaiwasha, akaifuta vumbi, akaielekeza kibla. Vijiti vile huonyesha tu simu inavyoisikia ruta. Kama ruta yenyewe inapata intaneti ni habari nyingine. Bomba lilikuwa zima, maji ndiyo hayakuwepo: bando lilikwisha tangu alfajiri.

Siku hizi ruta inakaa juu ya kabati la vyombo, na mlango wa jikoni umebandikwa karatasi yenye mwandiko wa kialimu: "Siku ya mechi, pilau italiwa baridi."